“Bangi iruhusiwe”: wanaosema hivyo wanataka nini hasa?

Mjadala wa bangi ukizuka kwenye baraza la kahawa pale Ngamiani, hapa kwetu Tanga, unaujua mwendo wake hata kabla kikombe cha pili hakijamiminwa. Mmoja atasema Wazungu wameshairuhusu, sisi bado tunajaza magereza. Mwingine atamtaja mtoto wa fulani aliyeanza na msokoto mmoja kijiweni, leo anaongea peke yake barabarani. Wa tatu atauliza mbona bia inauzwa mchana kweupe. Halafu mzee mmoja ataufunga kwa neno haramu, watu watanyamaza kidogo, na kesho yake unaanza upya.

Hauishi kwa sababu wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Ndani ya “kuruhusu bangi” mna madai manne: anayevuta asifungwe, bangi iwe dawa ya hospitali, ilimwe kama zao la biashara, iuzwe dukani kwa starehe kama sigara. Mtu anaweza kulikubali la kwanza akalikataa la nne, na asiwe amejipinga popote. Nchi nazo ndivyo zilivyofanya. Nyingi zimechagua moja au mawili, na ipo iliyokwenda mbio ikarudi nyuma. Kwa hiyo anayekuambia “Ujerumani wameruhusu” na anayekuambia “Lesotho wameruhusu” wanakutajia vitu viwili visivyofanana hata kidogo.

Sheria yetu inasemaje

Tanzania inatumia Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1995 na ambayo imeshafanyiwa marekebisho, yakiwemo ya 2017. Ndiyo iliyozaa Mamlaka tunayoiona kwenye taarifa ya habari ikifyeka na kuteketeza mashamba Arumeru na Tarime. Ndani yake bangi imewekwa kapu moja na heroini na kokeini, na mirungi imo humohumo. Adhabu zake si za utani: biashara ya dawa hizi inaweza kumpeleka mtu jela miaka 30 au maisha, kutegemea aina na uzito wa mzigo. Hata mwenye shamba anayejua kuwa ardhi yake inalimwa bangi akanyamaza, naye ana kesi.

Wengi hawajui kwamba kosa la kusafirisha, kwa tafsiri ya sheria hii, ni pana mno. Ndani yake mna kununua, kuuza, kuhifadhi, kupeleka, hata kumiliki tu. Kijana aliyekutwa na mfuko uvunguni mwa kitanda chake Makorora, ambaye siku hiyo hakupanda hata bodaboda, hati ya mashtaka inaweza kumwita msafirishaji. Sheria inalo pia kosa dogo zaidi, la kupatikana na kiasi kidogo cha matumizi ya mtu mwenyewe, na adhabu yake ni nyepesi zaidi, faini ikiwemo. Tofauti kati ya makosa hayo mawili ni miaka mingi ya uhai wa mtu. Na kinachoamua aangukie upande gani ni uzito kwenye mzani, maelezo ya askari aliyemkamata, na ripoti ya Mkemia Mkuu wa Serikali inayothibitisha kwamba yale majani ni bangi kweli.

Kwa maoni yangu mjadala wa Tanzania ungepaswa kuanzia hapa, na hapa ndipo usipoanzia kamwe. Wanaodai ruhusa wanakimbilia maduka ya Amsterdam, wanaopinga wanakimbilia wodi ya vichaa, na katikati amekaa mtu mwenye kete mbili mfukoni asiyejua atahesabiwa nini.

Kumwondolea mtumiaji jela si lazima kuifanye bangi kuwa halali. Ureno ilifanya hivyo tangu 2001, kwa dawa zote. Ukikutwa na kiasi kisichozidi matumizi ya siku 10, dawa inachukuliwa na wewe unaitwa mbele ya kamati, si mbele ya hakimu wa jinai. Muuzaji anabaki mhalifu palepale. Afrika Kusini walifika kwa njia nyingine. Septemba 2018 Mahakama ya Katiba, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Raymond Zondo, ilisema kumwadhibu mtu mzima kwa kutumia au kupanda bangi yake faraghani ni kuvunja haki yake ya faragha. Ilichukua hadi Mei 2024 Rais Cyril Ramaphosa kutia saini sheria ya kuitekeleza hukumu hiyo, na mpaka sasa kuuziana kwa starehe hakuruhusiwi. Yaani unaruhusiwa kupanda yako, ila kuuza hapana.

Katiba yetu nayo inalinda faragha, ibara ya 16, kwa hiyo hoja ile si ngeni kabisa kwetu. Ila ibara hiyohiyo inaipa serikali nafasi ya kuweka mipaka kwa sheria, na hapo mawakili watakula miaka.

Mirungi ya Horohoro

Sisi wa Tanga tuna bahati ya kuishi karibu na somo zuri kuhusu sheria na mimea. Nenda Mkinga, fika mpakani Horohoro, tazama upande wa pili, Lunga Lunga. Kule Kenya mirungi, wanayoiita miraa, ni zao la biashara, na mwaka 2016 liliingizwa rasmi kwenye orodha ya mazao yanayotambuliwa na sheria. Kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba kikiwa upande ule ni bidhaa ya mkulima wa Meru. Kikivuka geti, ni dawa za kulevya, na aliyekibeba ana kosa la jinai. Uingereza nayo iliyaacha majani hayohayo yauzwe kwa miaka mingi, kisha Juni 2014 ikayapiga marufuku.

Hakuna aliyeyapima upya yakaonekana kuwa na sumu zaidi yakiwa Tanga. Uzito wa sheria unatokana na madhara, ndiyo, lakini unatokana pia na nani analima, nani anapiga kura, na nani amezoea nini. Anayedhani bangi ilipigwa marufuku kwa sababu za kitabibu peke yake, au kwamba siku ikiruhusiwa itakuwa kwa sababu za kitabibu peke yake, aende Horohoro akatazame.

Na Kenya hiyohiyo inayolea miraa bado inafunga watu kwa bangi. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah aligombea urais akiahidi kulipa deni la taifa kwa kuuza bangi nje, na sumu ya nyoka juu yake. Alipita mitaani watu wakacheza. Sanduku lilipofunguliwa alikuwa na asilimia 0.44 ya kura.

Kichwani kunatokea nini

Bangi ina kemikali nyingi, ila mbili ndizo za kuzijua. Ya kwanza ni THC, inayolevya. Raphael Mechoulam na mwenzake Yechiel Gaoni waliitenga maabara mwaka 1964. Ya pili ni CBD, ambayo hailewi mtu. Mmea mmoja unaweza kuwa na THC nyingi au karibu na hakuna, kutegemea mbegu na utunzaji.

Hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Bangi iliyokamatwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya wastani wa kama asilimia 4. Miaka 30 baadaye wastani ulishapita asilimia 15. Huku kwetu kumeingia skanka, bangi kali inayotajwa kila mara kwenye taarifa za ukamataji. Kwa hiyo mzee anayekuambia “sisi tulivuta na mkonge tukakata vizuri tu” huenda hadanganyi. Anazungumzia kitu kingine.

Je, inapagawisha? Uchunguzi unaotajwa sana ulifanywa Uswidi kwa vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, wakafuatiliwa kwa miaka 15, na matokeo yakachapishwa 1987. Waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 kabla ya kuingia jeshini waliugua skizofrenia, ugonjwa mzito wa akili, mara sita zaidi ya wasiovuta. Tafiti zilizofuata zimepunguza au kuongeza ukubwa wa namba hiyo, lakini mwelekeo umebaki uleule: hatari inapanda kwa anayeanza akiwa mdogo, anayevuta kila siku, anayevuta kali, na mwenye ugonjwa wa akili katika ukoo. Walio wengi hawapatwi. Na wataalamu bado wanabishana ni kwa kiasi gani bangi inauzaa ugonjwa, na ni kwa kiasi gani inauwahisha kwa mtu ambaye ungemfika hata hivyo. Kwa mzazi aliyempandisha mwanawe milimani Korogwe mpaka hospitali ya Lutindi, inayolaza wagonjwa wa akili tangu zama za wamisionari wa Kijerumani, ubishi huo hauna faraja yoyote.

Uraibu nao upo, tofauti na wanavyosema vijiweni. Makadirio yaliyozoeleka ni kwamba kama watu 9 kati ya kila 100 walioijaribu hunasa, na kwa walioanza wakiwa na umri wa shule ni kama mmoja kati ya 6. Ni kidogo kuliko sigara. Tena msiuchanganye na ule wa unga, yaani heroini. Methadoni, dawa ya kunywa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye kusogezwa mikoani, ni tiba ya waraibu wa heroini. Aliyenasa kwenye bangi hana kikombe cha kunywa kila asubuhi. Tiba yake ni ushauri, muda, na watu wa kukaa naye.

Ajabu ni kwamba ushahidi huu unatumiwa na pande zote mbili. Mpingaji anasema: mnaona, inaharibu vijana, kazeni. Mtetezi anasema: mnaona, kijiwe hakiulizi kitambulisho wala hakipimi THC, bora iwe mikononi mwa serikali. Sayansi imewaeleza hatari iko wapi. Sheria gani itaipunguza ni swali jingine, na hilo halijibiwi maabara.

Dawa

Hapa sioni kwa nini tunagombana. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya maji yenye CBD kwa watoto wenye aina mbili ngumu za kifafa, Dravet na Lennox-Gastaut. THC ya kutengenezwa, iliyo kwenye vidonge, ilikubaliwa huko tangu 1985 kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa ajili ya dawa zao. Hizi ni chupa na vidonge vyenye kipimo, vinavyoandikwa na daktari. Kwamba bangi inaponya saratani yenyewe haijathibitishwa, na anayekuuzia mafuta yake kwa ahadi hiyo anakuibia. (Wapo pia wafugaji wanaowapa kuku bangi kwa ajili ya kideri. Chanjo ipo, jamani, na ni rahisi.)

Kuitumia kama dawa hakuhitaji kuhalalisha uvutaji. Mofini inatokana na afyuni, ndugu yake heroini kabisa, na kwa miaka sasa wagonjwa wa saratani pale Ocean Road wanatulizwa maumivu kwayo bila mtu kudai unga uuzwe sokoni. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, unaozibana nchi kuhusu bangi, umeacha mlango wa tiba na utafiti wazi tangu ulipoandikwa. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25, kuitoa bangi kwenye orodha ya dawa hatari kupindukia zisizo na faida ya kitabibu. Siku ile mitandao yetu ilijaa “UN yahalalisha bangi”. Haikuhalalisha. Bangi ilibaki kwenye orodha ya kwanza ya mkataba, ya dawa zinazodhibitiwa, pamoja na afyuni.

Ndoto ya zao

Hoja inayowasha watu zaidi nchini, hata bungeni imeshafika, ni ya fedha. Ardhi tunayo, jua tunalo, wenzetu wanauza nje, sisi tunachoma moto mabilioni. Nitakaa hapa kidogo, maana Tanga ina la kusema.

Lesotho ilikuwa ya kwanza Afrika kutoa leseni za bangi ya dawa, mwaka 2017. Zimbabwe ikafuata 2018, Malawi 2020, Rwanda na Zambia 2021. Ukisoma masharti yao utagundua kwamba mkulima wa jembe la mkono hakukusudiwa. Zimbabwe ilianza na leseni ya dola 50,000. Soko la dawa la Ulaya linataka kila shehena iwe na kiwango kilekile cha THC, isiwe na kuvu wala mabaki ya viuatilifu, na kila hatua iwe na karatasi yake. Hayo ni mambo ya vitalu nyumba, uzio, kamera na maabara. Kampuni kubwa ya Kanada, Canopy Growth, iliingia Lesotho kwa kishindo na kufikia 2020 ilishafunga virago. Huko kwao Kanada kwenyewe wazalishaji walilima kupita soko, mpaka mamia ya tani yakateketezwa na wenye mali wenyewe. Moto uleule wa Arumeru, tofauti ni kwamba huu ulikuwa na leseni.

Watu wa Muheza na Korogwe hawahitaji kufundishwa hadithi hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta vikonyo elfu moja vya mkonge kutoka Florida, vikapona 62, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka hapo Tanganyika ikawa mkonge na mkonge ukawa Tanganyika. Mwaka 1964 tulizalisha takriban tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa, na korona (viwanda vya kuchakata mkonge) ngapi zikabaki kuta tupu zilizozungukwa na vichaka? Kosa la mkonge halikuwa mkonge. Lilikuwa kutegemea zao ambalo bei yake na mbadala wake vinaamuliwa mbali.

Wapo wanaojibu: basi tulime hempu, ile bangi ya nyuzi isiyolevya, tuna viwanda na tuna mikono iliyozoea nyuzi. Wazo si baya. Marekani iliiruhusu 2018 kwa sharti kwamba THC isizidi asilimia 0.3. Inavunwa ndani ya miezi michache wakati mkonge unakungojesha miaka. Lakini mmea huu unahesabu urefu wa siku. Mbegu za nyuzi za Ulaya zimezoea siku za kiangazi zenye mwanga wa saa 15 au 16, ndipo zirefuke kabla ya kutoa maua. Tanga, digrii 5 kusini mwa ikweta, siku ina saa 12 mwaka mzima. Ukipanda mbegu ile hapa, itatoa maua ingali fupi, na nyuzi ziko kwenye urefu wa shina. Zinahitajika mbegu za tropiki na miaka ya utafiti. Na askari anayepita shambani hana namna ya kuitofautisha na bangi kwa macho. Itabidi kila shamba lipimwe maabara. Mkonge, kwa kasoro zake zote, unavumilia ukame na hauhitaji askari mlangoni.

Duka, haramu, na bia ya mchana

Linabaki la nne, la kuuza kwa starehe. Uruguay ilikuwa ya kwanza, 2013. Kanada ikafuata Oktoba 2018. Ujerumani, tangu Aprili 2024, mtu mzima anaruhusiwa gramu 25 mkononi na miche mitatu nyumbani, lakini maduka hakuna. Wanaotaka wanalima pamoja kwa vyama vya watumiaji. Thailand iliitoa bangi kwenye orodha ya dawa za kulevya Juni 2022, maduka yakachipuka kwa maelfu, na Juni 2025 serikali ikarudi kudai cheti cha daktari.

Ulizo la “mbona pombe ipo” ni zuri kuliko wapinzani wanavyolichukulia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe mwaka 2019, na bangi haikaribii huko. Na kwa hoja ya haramu: mji wetu una Waislamu wengi, ulevi ni haramu kwao wote, na bado Jamhuri inatoa leseni za baa kila mtaa. Haramu ya msikitini na kosa la mahakamani tumeshavitenganisha zamani. Mzee wetu wa baraza yuko sahihi kwa nafsi yake na familia yake; sheria ya nchi inataka hoja ya ziada.

Ila ulizo hilo linakata kuwili. Pombe inatuonyesha kinachotokea kilevi kikipata kampuni, mabango, na bajeti ya serikali inayotegemea kodi yake. Biashara ya namna hiyo hailishwi na anayeonja sikukuu, inalishwa na anayetumia kila siku, na ndiye yuleyule wa tafiti za Uswidi. Kwa sababu hiyo mimi ningeunga mkono mtumiaji asifungwe, na dawa ziingie hospitali, bila kutamani kuona duka la skanka barabara ya 12. Atakayeona nimejipinga arudi kwenye yale manne.

Jambo moja dogo halijadiliwi kabisa, na kwa mkoa wa njia kuu kama wetu si dogo. Trafiki wa Segera ana kifaa cha kupima pombe: dereva anapuliza, namba inatoka, na namba ile inalingana kwa kiasi kizuri na ulevi alionao muda huo. Bangi haina namba ya hivyo. Ulevi wake unaisha kwa saa chache, lakini mabaki yake hukaa mwilini siku na hata wiki kwa mvutaji wa kila siku, kwa hiyo kipimo cha mkojo kinaweza kumnasa aliyevuta Jumamosi na anaendesha basi Alhamisi akiwa mzima kabisa. Jimbo la Washington liliweka kikomo cha nanogramu 5 za THC kwa mililita ya damu. Ujerumani ikaweka 3.5, nayo kwa kipimo cha namna yake. Kutoa damu kunataka mhudumu wa afya, sindano na maabara, kando ya barabara, usiku, na abiria sitini wakisubiri ndani ya basi.